Najashi: Mfalme Aliyetaka Kuwasikia Wakimbizi Wenyewe



Ndugu zangu wanafunzi, Najashi wa Uhabeshi tumemjua tangu madrasa. Ni yule mfalme Mkristo aliyewapokea Waislamu walioteswa Makka, akalia aliposomewa Sura Maryam, kisha akasilimu. Hadithi yake huishia hapo, nasi tukafunga kitabu. Muhula huu, tulipokuwa tukisoma sira, nilibaki na swali moja dogo: alielewaje? Ja'far bin Abi Talib (r.a.) alikuwa Mkureishi na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Najashi alitawala dola ya Aksum, ambayo lugha yake ilikuwa Kige'ez. Mfalme anayelia kwa kusikia maneno ya lugha ya wageni ni jambo linalohitaji maelezo.

Swali hilo lina uzito kwangu kwa sababu ninaishi Luzira, mtaa wa bandari na jela hapa Kampala, na baadhi ya majirani zetu ni wakimbizi kutoka Kongo ya mashariki. Nimeona kwamba mkimbizi akishavuka mpaka na kuokoka na risasi, mtihani unaofuata ni lugha. Nitarudi Luzira mwishoni. Kwanza tumtazame mfalme.

Mtoto aliyeuzwa na watu wake

Najashi si jina, ni cheo cha wafalme wa Uhabeshi, kama Kabaka kwa Waganda. Jina lake lililothibiti katika Bukhari na Muslim ni Ashama. Habari za utoto wake anazipokea Ibn Ishaq kupitia Urwa bin Zubeir, kutoka kwa Mama wa Waumini Aisha (r.a.).

Baba yake alikuwa mfalme, na Ashama alikuwa mwanawe wa pekee. Ami yake alikuwa na wana 12. Wakubwa wa nchi wakapiga hesabu: mfalme mwenye mtoto mmoja ni hatari kwa ufalme, mwenye wana 12 ni salama. Wakamuua baba na kumtawaza ami. Ashama akalelewa katika nyumba ya ami yake, akawa kijana mwenye akili na busara kiasi kwamba ami alimtegemea katika mambo yake. Wale waliomuua baba yake wakaingiwa na hofu: huyu akishika nchi, atatulipiza. Wakamtaka mfalme amuue. Akakataa kumwaga damu ya baba na ya mtoto, lakini akakubali atolewe nchini. Wakampeleka sokoni, wakamuuza kwa mfanyabiashara kwa dirhamu 600, naye akampakia chomboni.

Jioni ya siku ile ile mvua ilinyesha, ami akatoka nje, radi ikampiga akafa. Wanawe 12 wakaonekana hawana hata mmoja wa kufaa. Basi wale wale waliomuuza wakamfuata, wakamrudisha na kumvika taji. Mfanyabiashara naye akaja kudai fedha zake. Wakubwa walimkatalia, akaenda kushtaki kwa mfalme mwenyewe, yaani kwa yule mtumwa aliyemnunua. Ashama akahukumu kwamba ama mtu huyu arudishiwe fedha zake, ama mtumwa wake aupokee mkono wake na kuondoka naye. Wakalipa. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza iliyojulisha uadilifu wake.

Simulizi zinatofautiana kuhusu muda aliokaa utumwani. Bayhaqi amepokea kwamba habari ya ushindi wa Badr ilipomfikia, Najashi aliwaita Waislamu waliokuwa kwake, akawaeleza bonde lile la Badr lilivyo na miti yake ya miswaki, kwa kuwa alipata kuchunga huko wanyama wa bwana wake, mtu wa kabila la Banu Dhamra. Mlolongo wa simulizi hii hauna nguvu kama wa zile zinazokuja, lakini Imamu Suhaili, mwanachuoni wa Andalusia aliyeisherehesha Sira ya Ibn Hisham, ameitumia kujibu lile swali langu. Kwake yeye, mfalme aliielewa Qur'ani kwa sababu alipata kuishi miongoni mwa Waarabu, akajifunza lugha yao.

Tulinganishe na Heraclius, mfalme wa Warumi. Alipotaka kumhoji Abu Sufyan kuhusu Mtume (s.a.w.), Bukhari anapokea wazi kwamba alimwita mkalimani. Katika simulizi ya Ummu Salama (r.a.) kuhusu baraza la Najashi, mkalimani hatajwi. Kama maelezo ya Suhaili ni sahihi, basi lugha ile aliilipia kwa dirhamu 600 za uhuru wake mwenyewe.

Meli mbili kutoka Shuaiba

Mwaka wa tano wa utume, takriban mwaka 615, mateso ya Makka yalizidi. Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza masahaba wake waende Uhabeshi, akiwaeleza kuwa huko kuna mfalme ambaye mbele yake hadhulumiwi mtu. Kundi la kwanza halikuzidi watu 20. Miongoni mwao alikuwamo Uthman bin Affan na mkewe Ruqayya, binti wa Mtume. Walitoka kwa siri hadi pwani ya Shuaiba, wakakuta meli mbili za biashara, wakavushwa kwa nauli ya nusu dinari. Makureishi waliwafuata hadi ufukweni na kukuta meli zimekwisha ng'oa nanga. Baadaye likaenda kundi kubwa zaidi: wanaume zaidi ya 80 pamoja na wanawake na watoto, msemaji wao akiwa Ja'far.

Tuzingatie kwamba hawakuwa na nguvu yoyote kule. Hawakuwa na kabila la kuwalinda, mali yao ilibaki Makka, na dini yao haikuwa ya wenyeji. Walichokuwa nacho ni sifa ya mtu mmoja kwamba hadhulumu.

Siku ya baraza

Makureishi hawakuridhika. Walimtuma Amr bin Al-As, ambaye wakati huo hakuwa amesilimu, pamoja na Abdullah bin Abi Rabia. Walibeba ngozi, bidhaa ya Makka iliyopendwa sana Uhabeshi. Ummu Salama, aliyekuwa mmoja wa wakimbizi wale, ndiye aliyetuhifadhia kilichotokea.

Mpango wa Amr ulikuwa wa hila. Kabla ya kumwona mfalme alimpitia kila askofu na zawadi yake, akawaomba jambo moja: suala likifika mbele ya mfalme, wamshauri awakabidhi watu hawa bila kuzungumza nao. Ummu Salama anaeleza kwamba hakuna kitu walichokichukia wajumbe wale kuliko Najashi kuyasikia maneno ya Waislamu. Amr alijua kwamba mkimbizi asiyesikika ni rahisi kumrudisha. Mtu mwingine akimsimulia, anakuwa kijana mpumbavu aliyeacha dini ya wazee wake. Akijisimulia mwenyewe, anakuwa mwanadamu.

Wajumbe wakasema yao, maaskofu wakaunga mkono. Najashi akakasirika. Akaapa kwamba watu waliokuja kukaa jirani yake na kumchagua yeye kuliko wafalme wengine hatawatoa mpaka awaite na kuwauliza mwenyewe. Yakiwa kweli yaliyosemwa atawarudisha, na yakiwa vingine atawalinda na kuwatendea wema maadamu wako kwake.

Wakimbizi wakakutana usiku wao, wakaulizana wataseme nini. Wakakubaliana kusema wanachokijua na walichofundishwa na Mtume wao, litakalokuwa na liwe. Ja'far akasimama. Alieleza maisha yao ya kale: ibada ya masanamu, kula mizoga, kukata udugu, mwenye nguvu kumla mnyonge. Akaeleza jinsi Mtume alivyokuja na aliyowafundisha. Kisha akaeleza mateso, na kwa nini walimchagua Najashi wakitaraji kwamba kwake hawatadhulumiwa. Mfalme akataka kusikia kilichoteremshwa. Ja'far akasoma mwanzo wa Sura Maryam, habari za Zakaria, Yahya na Maryam. Najashi akalia mpaka ndevu zikalowa, na maaskofu wakalia mpaka vitabu vyao vikalowa.

Kesho yake Amr akarudi na silaha nyingine. Alidai kwamba watu hawa wanamsema Isa bin Maryam neno zito. Abdullah bin Abi Rabia alimkataza, kwa kuwa wale bado walikuwa ndugu zao, lakini hakusikia. Ja'far akaulizwa, akajibu kama Qur'ani inavyofundisha: ni mja wa Mwenyezi Mungu na Mtume wake, na neno lake alilomtupia Maryam bikira. Najashi akaokota kijiti chini, akabainisha kwamba Isa hakuzidi hayo hata kwa kiasi cha kijiti kile. Wakubwa wa dini wakakoroma kwa hasira, naye hakujali. Akaamuru zawadi zirudishwe, akikumbusha kwamba Mungu hakuchukua rushwa kwake alipomrudishia ufalme.

Neno la kwanza la Kihabeshi

Hapa pana jambo lililonigusa kuliko yote. Katika kutoa hukumu yake, Najashi aliwaambia wakimbizi kwamba katika nchi yake wao ni shuyum. Ummu Salama analiacha neno hilo kwa Kihabeshi, kisha linafasiriwa: maana yake ni wenye amani. Vivyo hivyo akalihifadhi neno dabr, maana yake mlima, pale mfalme alipokataa mlima wa dhahabu kama bei ya kumuudhi mmoja wao. Na aliyewatukana akaamuru atozwe faini.

Miaka mingi baadaye, akiwa Madina, yule mama bado alikuwa na maneno hayo mawili kinywani kama alivyoyasikia. Mkimbizi yeyote anakumbuka maneno ya kwanza aliyoambiwa na wenyeji. Wengine hukumbuka neno la kufukuzwa. Ummu Salama alikumbuka amani.

Miaka 13 ya ugeni

Ulinzi wa Najashi haukuwa wa siku moja. Alipoasiwa na Wahabeshi wenzake, miongoni mwa lawama zao ikiwa ni kuiacha dini yao, aliwaandalia Ja'far na wenzake meli: akishindwa waondoke waendako, akishinda wabaki. Katika simulizi ya Ummu Salama, Zubeir bin Awwam, aliyekuwa kijana kuliko wote, alipuliziwa kiriba akakiweka kifuani na kuogelea kuvuka Nile ili akaone nani ameshinda. Aliporudi akipunga nguo yake kutangaza ushindi wa mfalme, furaha ya wakimbizi haikuwa na kifani.

Ummu Habiba (r.a.) alipobaki peke yake katika nchi ya ugeni, Mtume (s.a.w.) alimposa kupitia Najashi. Mfalme ndiye aliyetoa mahari kwa niaba ya Mtume, na mashuhuri ni dinari 400. Wana watatu wa Ja'far na Asma bint Umais, Abdullah, Muhammad na Aun, walizaliwa huko.

Lakini tusiipambe hadithi kupita kiasi. Wakimbizi waliporudi mwaka wa 7 Hijria, wakati wa Khaybar, Umar (r.a.) alimtajia Asma kwamba waliohamia Madina wamewatangulia. Asma alikasirika. Alisema kwamba wenzao walikuwa na Mtume, akimlisha mwenye njaa wao na kumfundisha asiyejua, ilhali wao walikuwa katika nchi ya watu wa mbali na wenye chuki, wakiudhiwa na kuogopeshwa. Mtume (s.a.w.) akampa haki yake: wenzao wana hijra moja, wao watu wa meli wana mbili.

Nimezisoma simulizi hizi mbili pamoja mara nyingi. Ummu Salama anasema walikaa na jirani bora. Asma anasema waliudhiwa na kuogopeshwa. Sioni kwamba zinapingana. Mmoja anamzungumzia mfalme, mwingine anazungumzia miaka 13 ya kwenda sokoni, kuuguza watoto na kupita njiani katika lugha isiyokuwa yake. Hukumu ya baraza ilitoka siku moja, na hapakuwa na Najashi kwenye kila kona ya soko.

Najashi alifariki Rajab ya mwaka wa 9 Hijria. Mtume (s.a.w.) aliwatangazia masahaba siku ile ile, akatoka nao hadi uwanja wa swala, akawapanga safu na kumswalia kwa takbira nne, naye yuko ng'ambo ya bahari. Leo msikiti na kaburi linalonasibishwa naye vipo Negash, jimbo la Tigray, Ethiopia. Mwishoni mwa 2020 msikiti ule uliharibiwa vitani, na makumi ya maelfu ya watu wa jimbo hilo wakakimbilia Sudan. Nchi iliyompokea Ja'far nayo ikatoa wakimbizi. Hakuna taifa lenye hati ya kuwa mwenyeji milele.

Kutoka Aksum hadi Luzira

Uganda yetu ina sehemu ya sifa ya Najashi. Imepokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.5. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa ruhusa ya kufanya kazi na kutembea, na katika makazi kama Nakivale na Bidibidi wengi wamepewa kipande cha ardhi. Hilo ndilo baraza, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo.

Lakini soko la Asma pia lipo. Mama mmoja jirani yetu, aliyetoka Bukavu, aliniomba mwaka jana nimsindikize zahanati. Anazungumza Kiswahili cha kwao, kilichochanganyika na Kifaransa. Muuguzi alizungumza Luganda na Kiingereza. Kabla ya hapo mkalimani wake alikuwa mwanawe wa kiume wa miaka tisa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kizazi. Basi miezi kadhaa mama yule alikuwa akisema anaumwa tumbo, kwa sababu hilo tu ndilo aliloweza kulitamka kupitia mdomo wa mtoto wake, na tumbo ndilo lililotibiwa. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hakufukuzwa na mtu. Ila hakusikika.

Na lugha yake si ngeni kwetu. Katiba yetu, kwa marekebisho ya 2005, imekifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Ni lugha ya jeshi na polisi wetu. Hapa Luzira unakisikia kwa askari magereza na kwa mabaharia wa meli za Mwanza. Lakini wazee wengi wa Kampala walikizoea kwenye vizuizi vya barabarani nyakati za mabavu, na mpaka leo kuna anayemsikia Mkongo akiuliza bei kwa Kiswahili akamdhania mwizi au askari. Mtu aliyekimbia watu wenye bunduki anaogopewa kwa sababu ya lugha inayofanana na ya wenye bunduki.

Sisi wanafunzi hatuna ufalme wala meli za kuwaandalia watu. Tuna ndimi. Katika safu moja ya swala ya Ijumaa chuoni yupo anayejua Luganda, yupo wa Kiswahili, wa Kiarabu, wa Kisomali, na wote tunasoma kwa Kiingereza. Napendekeza jumuiya yetu ifanye mambo mawili. Kwanza, tuwe na orodha ya wanafunzi, wa kiume na wa kike, walio tayari kumsindikiza mkimbizi hospitali, shuleni kwa mtoto wake, au kwenye ofisi anapoandikishwa, ili mtoto wa miaka tisa asibebeshwe siri za mama yake. Pili, Jumamosi asubuhi misikiti iliyo karibu nasi ifungue darasa la Luganda na Kiingereza kwa yeyote mgeni, Mwislamu na asiye Mwislamu. Najashi hakuuliza dini kabla ya kusikiliza.

Tusilione jambo hili kuwa dogo katika dini. Sura Ar-Rum imehesabu tofauti ya lugha zetu miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, sambamba na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayaweza kwa nusu mwezi.

Na yupo binti mmoja aliyerudi na watu wa meli, Ummu Khalid. Alizaliwa Uhabeshi, kwa hiyo Madina ilikuwa kwake nchi ya ugeni, ingawa ni nchi ya dini yake. Bukhari anapokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimvisha kijinguo cheusi chenye mapambo, akawa anayapitisha mkono mapambo yale huku akimwambia sanah, sanah. Kwa Kihabeshi maana yake ni nzuri. Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye kusubiriwa na wajumbe wa makabila, alitafuta neno moja la lugha aliyokulia mtoto yule ili amkaribishe.

Ewe Mwenyezi Mungu, mrehemu Ashama, walinde waliotoka majumbani mwao kwa dhuluma, na utujaalie masikio ya kuwasikia.

Wabillahi tawfiq.